Ngozi Iliyobaki Baada ya Upasuaji wa Kukaza Tumbo: Kutambua Chanzo Kabla ya Kutafuta Tiba

Watu wengi waliofanyiwa upasuaji wa kukaza tumbo hurudi kwa daktari na lalamiko moja, kwamba ngozi imebaki. Lalamiko ni moja, lakini kinachoshikwa mkononi si kitu kimoja. Huweza kuwa ngozi halisi iliyolegea, tabaka la mafuta lililo chini yake, uvimbe wa mwili unaopona, majimaji yaliyojikusanya, misuli isiyokaza, au hata mafuta yaliyo ndani kabisa kuzunguka utumbo, ambayo upasuaji huu hauyafikii. Kila kimojawapo kina tiba yake, na tiba ya kimoja haimfai mwenye kingine. Anayekimbilia kukatwa ngozi mara ya pili ilhali tatizo lake ni misuli atalipa gharama, atabeba kovu jipya, na tumbo litabaki vilevile. Kwa hiyo hapa tunaanza na dalili kama anavyoziona mwenye tumbo lake, kisha tunafuata chanzo chake.

Dalili ambazo hazisubiri

Kabla ya kupima chochote, hakikisha kwamba huna hali ya dharura. Kigimbi cha mguu mmoja kikivimba na kuuma, au ukipata pumzi fupi au maumivu ya kifua ya ghafla, nenda hospitali yenye huduma ya dharura saa hiyohiyo, kwa sababu huenda damu imeganda kwenye mshipa wa mguu au kipande chake kimefika kwenye mapafu. Upande mmoja wa tumbo ukivimba ghafla na kuuma sana katika siku ya kwanza au ya pili, yamkini damu inavuja chini ya ngozi. Homa, usaha na harufu mbaya ni dalili za maambukizi. Kwa mwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, hivyo aangalie zaidi joto, ugumu na mng'ao wa ngozi kuzunguka mshono. Ngozi ya karibu na mshono ikigeuka zambarau au nyeusi zaidi, au ikitoa malengelenge, ni ishara kwamba damu haiifikii vizuri, na daktari aliyekupasua anapaswa kuiona siku hiyohiyo.

Upasuaji wenyewe huondoa nini

Huwezi kujua kwa nini kitu kimebaki bila kujua kilichokusudiwa kuondolewa. Katika upasuaji kamili, daktari hupasua chini ya tumbo kutoka nyonga moja hadi nyingine, huinua ngozi pamoja na mafuta yake hadi karibu na mbavu, hushona pamoja misuli miwili ya katikati iliyoachana, hasa kwa waliozaa, kisha huvuta ngozi kuelekea chini na kukata inayozidi. Kitovu hubaki kimeshikilia mahali pake ndani, nacho hutolewa kupitia tundu jipya. Ngozi inayokatwa kwa kawaida ni ile iliyokuwa kati ya kitovu na kinena, ndiyo maana michirizi ya eneo hilo huondoka nayo, wakati michirizi ya juu ya kitovu huteremshwa tu na kubaki.

Upasuaji mdogo ni jambo jingine. Mshono wake ni mfupi, kitovu hakihamishwi, na ngozi ya juu ya kitovu haiguswi. Upo pia upasuaji wa kuondoa pindo la tumbo linaloning'inia juu ya mapaja, ambao lengo lake ni kumpunguzia mtu mzigo wa pindo hilo, vidonda na upele wa mikunjoni, na kwa kawaida haukazi misuli wala hauinui ngozi ya juu. Kunyonya mafuta peke yake hakukati ngozi hata kidogo, na ngozi iliyokuwa imelegea huweza kulegea zaidi baada ya mafuta yaliyokuwa yameijaza kutoka. Malalamiko mengi ya ngozi iliyobaki huanzia hapa: mtu aliambiwa atakazwa tumbo, akafikiri ni upasuaji kamili, kumbe aliofanyiwa ni mmojawapo kati ya hizo nyingine. Urefu wa kovu na umbo la kitovu hukupa fununu, lakini jibu la hakika limo kwenye ripoti ya upasuaji.

Tumbo limevimba na ngozi inaonekana nzito, na bado ni miezi ya mwanzo

Hii ndiyo hali inayowatia watu hofu kuliko zote, na ndiyo inayohitaji kutibiwa kidogo kuliko zote. Mkato wa chini ya tumbo hukata mishipa midogo ya limfu iliyokuwa ikipeleka majimaji ya ngozi kwenye tezi za kinena, na mpaka mwili utengeneze njia nyingine, majimaji hayo hukaa juu ya mshono na kuifanya sehemu hiyo ijae, iwe ngumu kidogo, na ionekane kama pindo jipya la ngozi. Uvimbe mkubwa hupungua katika wiki 6 hadi 12 za mwanzo, lakini ule wa mwisho huweza kuchukua miezi 6 hadi mwaka mzima kuisha.

Uvimbe una tabia zake. Asubuhi ni mdogo, jioni umeongezeka, na siku uliyosimama jikoni au kazini kwa saa nyingi, au uliyokula chumvi nyingi, sketi iliyokutosha asubuhi hukubana. Ngozi iliyolegea haina tabia hiyo, kwani unene wake ni uleule saa zote. Uvimbe vilevile hubonyea: kandamiza kwa kidole kwa nusu dakika juu ya mshono, ukiondoa kidole utaona kishimo kilichobaki kwa muda.

Katika kipindi hiki mkanda wa kubana unaopewa hospitalini una kazi ya kweli, na ni vyema kuuvaa kwa muda wote ulioelekezwa na daktari, ambao kwa wengi ni wiki 4 hadi 6. Uvutwe sawasawa bila mikunjo, kwa sababu mkanda uliojikunja huacha alama ya mfereji kwenye ngozi iliyovimba, na mtu huidhania kuwa kasoro ya upasuaji.

Hapa niseme jambo linalotuhusu hasa sisi wa pwani na bara ya Afrika Mashariki. Mama aliyejifungua kwa desturi hukandwa kwa maji ya moto na kufungwa mkaja, na wapo mama na shangazi wenye nia njema kabisa wanaotaka kumfanyia hivyo binti yao aliyetoka kukazwa tumbo. Asikandwe. Neva ndogo za ngozi zimekatwa, na sehemu kati ya kitovu na mshono hukosa hisia kwa miezi kadhaa. Kitambaa au chupa ya maji ya moto huweza kuiunguza ngozi hiyo hadi itoe malengelenge bila yeye kusikia chochote, na ngozi iliyoungua hapo hupona kwa taabu kwa sababu damu yake ni chache. Mkaja wa kanga nao usitumike badala ya mkanda wa hospitali bila kumuuliza daktari, kwa kuwa hukaza sehemu moja kuliko nyingine na huweza kuibana ngozi ambayo bado inapigania damu.

Sehemu inacheza kama ina maji

Ukigonga upande mmoja wa tumbo kwa kidole na kuhisi wimbi likifika upande wa pili, au ukigeuka kitandani ukahisi kitu kikihama, kuna uwezekano wa majimaji kujikusanya kati ya ngozi na misuli. Hutokea mara nyingi katika wiki za mwanzo, hasa baada ya mirija ya kutolea majimaji kuondolewa. Ultrasaundi huthibitisha kwa dakika chache. Majimaji machache mwili huyanyonya wenyewe, na mengi daktari huyavuta kwa sindano, kazi ambayo kwa kawaida haiumi sana kwa sababu ileile ya ngozi kukosa hisia, ila huenda ikarudiwa mara kadhaa. Usiyavute mwenyewe wala usimruhusu mtu wa duka la dawa afanye hivyo, maana sindano isiyo safi hugeuza majimaji safi kuwa jipu. Yakiachwa kwa miezi, mwili huyajengea mfuko wenye utando mgumu, na mfuko huo ukishakomaa hauondoki kwa sindano bali kwa upasuaji.

Kupima kwa vidole baada ya miezi 6

Uvimbe ukishatulia, unaweza kutofautisha mambo mengi kwa mikono yako. Simama mbele ya kioo ukiwa huna nguo tumboni, wakati wa asubuhi, kisha bana ngozi kwa kidole gumba na cha shahada juu ya kitovu, chini yake, na pembeni kiunoni. Ukipata mkunjo mwembamba unaokunjika kwa urahisi na wenye makunyanzi, hiyo ni ngozi. Ukipata mkunjo mnene na laini, unene mwingi hapo ni mafuta yaliyo chini ya ngozi. Ikiwa tumbo limetokeza mbele lakini vidole havipati cha kubana, kinachotokeza kiko nyuma ya ngozi, yaani misuli au kilicho ndani yake.

Kisha lala chali, kunja magoti, inua kichwa taratibu huku vidole vikiwa juu na chini ya kitovu katika mstari wa katikati. Kama mstari huo unajitokeza kama mgongo wa samaki, au vidole viwili na zaidi vinazama kati ya misuli, misuli imeachana tena au haikushonwa. Kivimbe kidogo kinachotoka ukikohoa na kurudi ndani ukikibonyeza huenda ni ngiri, nacho kinahitaji kuonwa na daktari hata kama hakiumi.

Jipime pia ukiwa umeketi, lakini usijihukumu kwa hilo. Ngozi ya tumbo ni lazima ibaki na akiba, la sivyo usingeweza kusimama wima wala kujinyoosha, na akiba hiyo hukunjika unapoketi. Mikunjo miwili au mitatu ya ngozi nyembamba wakati wa kuketi ni hali ya kawaida hata kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa na kitambi, na daktari anayeahidi kuiondoa yote anaahidi jambo asiloweza.

Ngozi imelegea juu ya kitovu, au inalegea kwa upana

Hapa ndipo penye tatizo halisi la ngozi, na ndipo penye maelezo marefu zaidi.

Upasuaji wa kawaida huvuta ngozi kutoka juu kwenda chini. Shuka likivutwa kuelekea miguuni hunyooka kwa urefu, lakini upana wake haupungui. Vivyo hivyo mtu aliyekuwa na kilo nyingi akazipunguza, iwe kwa upasuaji wa tumbo la chakula au kwa mlo na mazoezi, hubakiwa na ngozi iliyozidi kwa urefu na kwa upana pia. Ile ya urefu hukatwa. Ile ya upana hubaki, na huonekana kama ngozi inayokusanyika katikati ukiinama, au inayoweza kushikwa kwa mikono miwili kutoka pembeni na kukutanishwa juu ya kitovu. Tiba yake ni mkato wa pili unaosimama, kuanzia chembe ya moyo hadi kinena, unaoungana na ule unaolala. Hakuna njia ya kuondoa upana bila kovu hilo. Mahali mikato miwili inapokutana ndipo damu inapofika kwa shida zaidi, na ndipo kidonda huchelewa kupona. Mwenye historia ya keloidi, yaani makovu yanayovimba na kukua kupita kidonda chenyewe, ambazo huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, naye anapaswa kufikiri sana kabla ya kukubali mkato katikati ya tumbo. Kwa upande mwingine, mama ambaye tayari ana kovu la kusimama kutokana na upasuaji wa zamani hupoteza kidogo kwa njia hii, kwa kuwa kovu la zamani huweza kukatwa pamoja na ngozi.

Sababu ya pili ni kwamba daktari hakuvuta kwa nguvu zaidi kwa makusudi. Ngozi iliyoinuliwa hadi mbavuni imekatiwa mishipa mingi ya damu ya katikati, na hutegemea ile inayotoka pembeni, kiunoni na kati ya mbavu. Ikivutwa kupita kiasi, sehemu ya chini karibu na mshono hukosa damu na kufa. Hatari huongezeka kwa mvutaji wa sigara, ndiyo maana madaktari wengi hutaka iachwe angalau wiki 4 kabla na baada ya upasuaji. Huongezeka pia kwa mwenye kovu la zamani chini ya mbavu za kulia, kama la waliotolewa mfuko wa nyongo kwa njia ya wazi, kwa kuwa kovu hilo limekwisha kuziba njia ya damu ya upande huo. Kwa watu hawa ngozi kidogo iliyobaki ni bei ya kuwa na ngozi iliyo hai, na kwa maoni yangu daktari aliyekataa kuvuta zaidi aliwatendea haki.

Sababu ya tatu ni ubora wa ngozi yenyewe. Nyuzi zinazoipa ngozi uwezo wa kuvutika na kurudi hukatika kwa mimba, kunenepa, umri na jua, na michirizi ni alama ya mahali zilipokatika. Ngozi ya namna hiyo hukaza mezani siku ya upasuaji, kisha hulegea tena kiasi katika miezi inayofuata, hata pale kazi ilipofanywa vizuri.

Sehemu ya juu pekee ikiwa ndiyo iliyolegea na ya chini ikawa sawa, upo upasuaji unaovuta ngozi kuelekea juu na kuficha kovu katika mkunjo wa chini ya matiti. Huwafaa wachache. Ulegevu unaozunguka hadi mgongoni na makalioni hautatuliwi kwa kurudia mkato wa mbele, bali kwa mkato unaozunguka kiuno chote, ambao ni upasuaji mkubwa zaidi wenye siku nyingi zaidi za kupona.

Vivimbe kwenye ncha za mshono, na pindo juu ya kovu

Pembe ndogo zinazotokeza mwisho wa mshono kwenye nyonga hutokana na kushonwa kwa kingo mbili zisizolingana urefu. Baadhi hulala zenyewe ndani ya miezi 6, na zinazobaki hukatwa kwa ganzi ya sehemu hiyo tu, kisha mtu huenda nyumbani siku hiyohiyo, ingawa kovu hurefuka kidogo.

Pindo lililoketi juu ya kovu lina vyanzo viwili. Kovu likiwa limezama na halisogei ukilivuta kwa vidole, limeshikamana na tabaka la chini, na kulikanda kwa vidole na mafuta mepesi baada ya kidonda kufunga kabisa, kwa ruhusa ya daktari, husaidia wengi. Kovu likisogea vizuri lakini juu yake kuna unene wa kubanika, hayo ni mafuta, na kuyanyonya hapo baadaye huleta nafuu kuliko kukata tena. Wengine hugundua kwamba kinachotokeza kiko chini ya kovu, kwenye kinena chenyewe, ambacho kilikuwa kimefichwa na pindo la tumbo na sasa kimeonekana; hicho hurekebishwa kwa kuvutwa juu au kupunguzwa mafuta.

Tumbo linatokeza mbele ingawa ngozi imekaza

Kama kipimo cha kulala kilionyesha misuli imeachana, mazoezi ya kukaza misuli ya ndani chini ya mtaalamu wa fiziotherapia hufaa kujaribiwa kwanza, na kushonwa upya ni hatua ya baadaye. Kama misuli iko sawa na tumbo ni gumu, la duara, lisilobanika, hayo ni mafuta ya ndani yanayozunguka utumbo, na hupungua kwa kupunguza uzito wa mwili tu. Kufunga choo na gesi navyo hulijaza tumbo lililoshonwa misuli, hasa kwa anayeendelea na dawa kali za maumivu, na hilo huisha kwa maji, mboga, kutembea na dawa ya kulainisha choo.

Ngozi ililegea miaka baadaye

Ikiwa matokeo yalikuwa mazuri kisha yakaharibika, angalia uzito na mimba. Kushika mimba baada ya kukazwa tumbo si hatari kwa wengi, lakini huitanua tena ngozi na misuli, ndiyo maana hushauriwa upasuaji usubiri mpaka uzazi umekamilika. Kupungua kilo nyingi baada ya upasuaji hulegeza ngozi kama ilivyokuwa mwanzo. Anayefikiria marekebisho inafaa uzito wake uwe umetulia kwa angalau miezi 6, na aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza unene husubiri kwa kawaida miezi 12 hadi 18 kabla ya ngozi kuguswa.

Krimu, mikanda na mashine

Krimu hulainisha uso wa ngozi, hazipunguzi ukubwa wake. Mkanda wa mazoezi unaouzwa mtaani hushikilia tumbo wakati umevaliwa tu. Mashine za mawimbi ya redio na za ultrasaundi hupasha joto tabaka la ndani la ngozi ili lijikaze, na huweza kumsaidia kidogo mwenye ulegevu mdogo, lakini haziondoi mkunjo unaoshikika mkononi. Gharama ya vikao vingi vya mashine hizo mara nyingi hukaribia ile ya marekebisho madogo, na inafaa mtu aipige hesabu hiyo kabla ya kuanza kulipa kidogo kidogo.

Unapoamua kurekebishwa

Madaktari wengi hawakubali kukata tena kabla ya miezi 6, na kwa ngozi ya juu ya kitovu hupendelea mwaka. Muda huo utumie kupiga picha kila mwezi, mahali palepale, mwanga uleule, mbele na pembeni, kwa kuwa kumbukumbu ya jinsi tumbo lilivyokuwa haiaminiki, na daktari huamua vizuri zaidi kwa kuona mwenendo kuliko siku moja.

Mwulize daktari mambo haya bila aibu: ni nini hasa kilichobaki, ngozi, mafuta au misuli, kovu jipya litapita wapi, ni kiasi gani cha ulegevu kitabaki hata baada ya marekebisho, na ni nani atakayelipia chumba cha upasuaji na nusu kaputi, maana wapo wasiotoza ujira wao kwa marekebisho lakini gharama za hospitali hubaki kwa mgonjwa. Thibitisha pia kwamba amesajiliwa, Kenya kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, Tanzania Bara kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, na kwamba ubingwa wake ni wa upasuaji rekebishi.

Wengi wetu hupasuliwa mbali, India au Uturuki, kisha marekebisho hutafutwa nyumbani. Daktari mpya asiyejua ngozi iliinuliwa hadi wapi, kama misuli ilishonwa, na kama mafuta yalinyonywa wakati uleule, hulazimika kukisia ni mishipa ipi ya damu iliyobaki, naye kwa tahadhari atakata kidogo au atakataa kabisa. Iombe ripoti ya upasuaji kwa maandishi kabla ya kupanda ndege ya kurudi, au iandikie hospitali hiyo sasa kama hukupewa, na uende nayo siku ya kwanza ya miadi pamoja na picha zako.